Pet Sounds kwa sikio moja: maswali kuhusu albamu ya 1966 na matoleo yake yaliyosafishwa upya

Tangu nianze kuisifia albamu hii kila penye watu wawili watatu, maswali ninayoulizwa ni yale yale. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu, ili mtu akiniuliza tena nimwelekeze huku niendelee na mambo mengine. Sikuyapanga kwa umuhimu. Mengine yana majibu marefu kwa sababu ndiyo niyapendayo.

Pet Sounds ni kitu gani hasa?

Ni albamu ya The Beach Boys, kundi la California huko Marekani. Ilitolewa na Capitol Records tarehe 16 Mei 1966. Ina nyimbo 13 na urefu wake ni dakika kama 36, yaani inaisha kabla maharage hayajaiva.

Kundi lenyewe lilikuwa la kifamilia: Brian, Dennis na Carl Wilson, ndugu wa tumbo moja, Mike Love, mtoto wa shangazi yao, Al Jardine, rafiki wa shule, na Bruce Johnston aliyeingia mwaka 1965. Walijipatia jina kwa nyimbo za kuteleza juu ya mawimbi, magari ya kasi na wasichana wa ufukweni, na kichekesho ni kwamba mtelezaji wa kweli kati yao alikuwa Dennis peke yake. Kisha Brian, akiwa na miaka 23, akajifungia studio na kutoka na kitu ambacho hakina mawimbi wala gari hata moja. Ni albamu ya kijana anayependa huku akiogopa kuachwa, anayetaka kukua huku akiyalilia ya utotoni.

Brian alijifungia peke yake? Wenzake walikuwa wapi?

Safarini. Desemba 1964 Brian alishikwa na hofu kali ndani ya ndege ya kwenda Houston, na baada ya hapo akaamua abaki nyumbani atunge na kurekodi, wenzake wakazunguke na maonyesho. Januari 1966 wao walikuwa Japani. Yeye alikuwa Los Angeles na wapiga ala wa kukodi, watu waliolipwa kwa saa lakini mafundi wa kutupwa: Hal Blaine kwenye ngoma, Carol Kaye kwenye gitaa la besi, Larry Knechtel kwenye kinanda, Barney Kessel na Glen Campbell kwenye magitaa, na wengine wengi. Baadaye watu hao walikuja kujulikana kwa jina la Wrecking Crew. Maneno ya nyimbo nyingi aliyaandika na Tony Asher, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuandika matangazo ya biashara.

Kwa sisi tuliolelewa na muziki wa dansi, ambako mwimbaji na mpiga solo ni watu wa bendi moja na wanafanya mazoezi chini ya paa moja, utaratibu huu unashangaza. Wenzake waliporudi walikuta muziki umeshapigwa, wakabaki na kazi ya kuimba. Sehemu moja tu, "That's Not Me", ndipo utawasikia wenyewe wakipiga ala kwa sehemu kubwa, na ukisikiliza utagundua wimbo huo ni mwembamba kuliko ndugu zake. Mimi naupenda kwa sababu hiyo hiyo.

Rimasta ni nini? Na rimiksi je? Si kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia.

Wimbo ukirekodiwa, kila ala au kundi la ala hukaa kwenye njia yake katika kanda. Fundi mitambo akishazichanganya njia hizo, akaamua ngoma isikike kiasi gani na sauti ya mwimbaji ikae wapi, hupata kanda moja ya mwisho. Hiyo ndiyo kanda mama. Mtu anayefanya rimasta anaichukua kanda mama hiyo, anaicheza kwenye mashine iliyopangwa vizuri, anaiingiza kwenye kompyuta, anapunguza mikwaruzo, anasawazisha besi na sauti kali, basi. Hawezi kumsogeza mpiga ngoma. Hawezi kumpandisha mwimbaji peke yake.

Rimiksi ni kurudi nyuma hatua moja zaidi, hadi kwenye kanda za njia nyingi, na kuchanganya upya kila kitu.

Chukulia kanzu. Rimasta ni kuifua na kuipiga pasi: kanzu ni ile ile, ila sasa unaona darizi zake. Rimiksi ni kuifumua mishono yote na kuishona tena kwa kitambaa kile kile. Huenda ikakukaa vizuri kuliko mwanzo. Lakini fundi aliyeishona sasa ni mwingine, na ni haki yako kuambiwa.

Kwa Pet Sounds, matoleo ya mono, yaani yenye sauti ile ile kwa kila spika, ni rimasta. Matoleo ya sterio ya kweli, yaani yenye sauti tofauti kushoto na kulia, ni rimiksi, hata kama jalada limeandikwa "remastered" kwa herufi kubwa.

Kwa nini ilitoka mono wakati sterio ilikuwepo tayari?

Jibu la kwanza ambalo kila mtu hulitoa ni sikio. Brian hakusikia karibu kabisa kwa sikio la kulia. Sababu yake imesimuliwa kwa njia zaidi ya moja ndani ya familia, nami sitaingia huko. Muhimu ni kwamba mtu mwenye sikio moja hana kushoto na kulia. Kwake muziki wote unatoka mahali pamoja, na hapo ndipo alipoujenga.

Lakini sikio si sababu pekee. Vijana wa wakati ule walisikiliza redio ndogo na redio za magari, zenye spika moja. Aliyetengeneza wimbo kwa mono alijua kwamba anachokisikia studio ndicho kitakachofika kwa msikilizaji. Kwa sterio, mmoja ataketi karibu na spika ya kushoto, mwingine ataziweka spika zote juu ya kabati moja, na mpango wako wote umeharibika. Brian alitaka asimamie hadi mwisho.

Sababu ya tatu ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote, nayo ni Phil Spector. Brian alikuwa mwanafunzi wake asiye rasmi. Spector alikuwa akiwapanga wapigaji wengi chumba kimoja, piano mbili tatu, magitaa kadhaa, wote wakipiga kitu kile kile, hadi sauti zinayeyukiana na kuzaa sauti mpya isiyo na jina. Studio yake kipenzi ilikuwa Gold Star, na Brian naye alirekodi humo sehemu ya albamu hii, nyingine akarekodi Western akiwa na fundi mitambo Chuck Britz. Ukisikiliza mwanzo wa "Wouldn't It Be Nice" kuna kitu kinachovuma chini ya wimbo mzima kama injini ya mashua. Ni akodiani. Lakini ndani ya mono hutambui kuwa ni akodiani. Unasikia tu kwamba wimbo unapumua. Hiyo ndiyo hoja yake. Pilau ikishaiva huitafuti iliki.

Basi sterio ilitoka wapi?

Kulikuwa na sterio ya uongo na sterio ya kweli.

Ya uongo ilitoka mwaka ule ule wa 1966. Capitol walikuwa na utaratibu waliouita Duophonic: unachukua kanda ya mono, unaigawa mara mbili, upande mmoja unatiwa besi zaidi, wa pili sauti kali zaidi, na upande mmoja unacheleweshwa kidogo sana. Masikio yanadanganyika yanadhani kuna nafasi. Ukikutana na santuri ya zamani yenye neno hilo juu ya jalada, inunue kwa ajili ya kuitundika ukutani. Kwa kusikiliza, inafanana na mtu anayeimba ndani ya pipa.

Ya kweli ilichukua miaka 31, na namna ilivyopatikana ni hadithi nzuri. Brian alikuwa akirekodi ala kwanza, kwenye kanda ya njia tatu au nne. Njia zikijaa, alizishusha zote kuwa moja kwenye kanda ya pili ili apate nafasi ya sauti za waimbaji. Baadhi ya nyimbo alizipeleka studio za Columbia, kulikokuwa na mashine ya njia nane: moja ikabeba muziki wote, saba zikabaki za kuimbia. Kwa hiyo kanda ya pili ina waimbaji waliotengana vizuri, lakini muziki wake umeshaganda kuwa uji. Kanda ya kwanza ina muziki uliotengana, lakini haina mwimbaji.

Mwanzoni hakukuwa na njia ya kuzicheza kanda hizo mbili pamoja zikaenda sawa kwa dakika tatu, maana hakuna mashine mbili za kanda zinazozunguka kwa mwendo ule ule kabisa. Kompyuta ilipokuja, fundi mitambo Mark Linett aliziingiza zote mbili, akazifunganisha mahali kwa mahali, kisha akachanganya sterio. Matokeo yalitoka mwaka 1997 ndani ya sanduku la CD nne lililoitwa The Pet Sounds Sessions.

Nasikia kwenye sterio kuna sauti zimebadilika. Ni kweli au ni masikio yangu?

Ni kweli, masikio yako yako salama. Baadhi ya sauti ziliongezwa dakika za mwisho, wakati kanda mama ya mono inatengenezwa, kwa hiyo kwenye kanda za njia nyingi hazimo. Mfano unaojulikana zaidi uko kwenye "Wouldn't It Be Nice". Kile kipande cha katikati, wimbo unapotulia, kwenye mono anaimba Mike Love. Kwenye sterio ya 1997 anaimba Brian, kwa sababu sauti ya Mike haikupatikana ikiwa peke yake. Matoleo ya sterio ya baadaye yalimrudisha Mike kwa ufundi wa kompyuta.

Ukitaka kujua unasikiliza sterio ya zamani au ya karibuni, kipande hicho ndicho kipimo chako.

Kwa hiyo nianze na ipi?

Mono. Sina mjadala hapo, ila nitakueleza nilivyofika huko, maana sikuanza na imani hiyo.

Mimi nilianza na sterio kama watu wengi, kwa vile ndiyo niliyokutana nayo. Niliipenda. Kila kitu kilikuwa mahali pake, besi huku, filimbi kule, nikajiona mtaalamu. Siku moja nikiwa ndani ya daladala kwenye foleni, hedifoni yangu ikafa upande mmoja. "God Only Knows" ikabaki nusu: ala nyingine ziko, nyingine zimetoweka, kama nyumba iliyobomolewa ukuta. Nikahamia toleo la mono kwa hasira tu. Na wimbo ukasimama mzima ndani ya sikio moja. Hakuna kilichopungua. Nikakaa vile na sikio moja hadi kituoni, na ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nasikia kama alivyosikia aliyeutengeneza.

Sterio si takataka. Isikilize ya pili, ukishaujua mwili wa wimbo, ili uone mifupa. Ni kama kuruhusiwa kuingia jikoni baada ya kula. Kuna mambo ambayo huwezi kuyajua bila hiyo, hasa jinsi besi inavyotembea. Kwenye nyimbo nyingi za wakati ule besi hukanyaga sauti ya msingi ya kila mseto, yaani kila kundi la sauti zinazopigwa kwa pamoja, na kutulia hapo. Humu mara nyingi inakanyaga sauti nyingine kabisa, na ndiyo maana nyimbo hizi zina hali ya kuning'inia, kama mtu aliyeinua mguu bado hajaushusha.

Katikati ya "Here Today" nasikia watu wanaongea. Faili langu limeharibika?

Halijaharibika. Kwenye kipande cha ala tupu kuna watu wa studio wanazungumza, na sauti zao ziliingia kwenye kanda zikabaki. Ziko kwenye mono. Kwenye sterio ya Linett hazimo. Wapo waliofurahi. Mimi nilizikosa, kama mtu anavyoukosa ufa wa ukuta wa nyumba aliyokulia.

Na hiyo Dolby Atmos?

Mwaka 2023 ilitoka rimiksi ya Atmos iliyofanywa na Giles Martin, mtoto wa George Martin aliyekuwa mtayarishaji wa The Beatles. Hapo sauti zinakuzunguka pande zote, hata juu ya kichwa. Niliisikiliza kwa hedifoni. Waitikiaji wanapendeza mno. Wimbo wenyewe, kwangu, unakuwa mkubwa kuliko hisia zake: kijana anayenong'ona sirini hahitaji uwanja wa mpira.

Je, rimasta mpya zaidi ndiyo bora zaidi?

Si lazima. Kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni sauti kubwa. Kuanzia miaka ya 1990 kampuni nyingi zilishindana kutoa CD zinazopiga kelele kuliko za jirani. Njia yake ni kubana: sehemu za chini zinapandishwa, za juu zinakandamizwa, mwisho kila kitu kiko kwenye usawa mmoja. Kwa dakika moja inasisimua, kwa dakika 30 inachosha. Albamu kama hii, inayoishi kwa kupanda na kushuka, inaumia sana ikibanwa. Jaribu mwanzo wa "I'm Waiting for the Day": ngoma kubwa zinagonga kwa kishindo, kisha ghafla muziki unalainika. Kama kishindo na ulaini vina ukubwa mmoja, rimasta hiyo imebanwa.

La pili ni mchakacho wa kanda, ule mlio wa "shhh" chini ya muziki. Wasafishaji wengine wanaufuta wote. Tatizo ni kwamba mchakacho unaishi mahali pamoja na matoazi, njuga na pumzi ya mwimbaji. Ukiung'oa wote, unang'oa na hivyo. Ukisikia kimya kisicho cha kawaida kati ya sauti, na matoazi yanayosikika kama karatasi ya nailoni, ujue fundi alizidisha sabuni. Mchakacho kidogo ni afya.

Na kumbuka programu za kusikilizia mtandaoni hulinganisha ukubwa wa sauti za nyimbo zenyewe. Ukitaka kulinganisha matoleo mawili kwa haki, acha mpangilio huo uwe umewashwa. Sauti kubwa zaidi hudanganya kila sikio kwamba ni nzuri zaidi.

Itakula bando kiasi gani?

Dakika 36 kwa kiwango cha juu cha kawaida, kilobiti 320 kwa sekunde, ni kama MB 86. Kwa kiwango cha chini cha kilobiti 96 ni kama MB 26. Faili lisilobanwa kabisa la ubora wa CD lingefika MB 380 hivi. Ushauri wangu: pakua mara moja mahali penye Wi-Fi, kiwango cha 320, usikilize bila mtandao mwezi mzima. Tofauti ya mono na sterio utaisikia hata kwa kiwango cha chini. Tofauti ya 320 na faili kubwa, kwa simu na hedifoni za kawaida, sijawahi kumwona mtu akiitaja bila kuambiwa kwanza.

Matoleo mengi ya mtandaoni yameweka mono na sterio ndani ya albamu moja, kwa hiyo utaona kila wimbo mara mbili. Usidhani ni makosa. Tazama neno lililo kando ya jina la wimbo.

Kuna milio ya ajabu humo. Ni vyombo gani?

Swali ninalolipenda kuliko yote. "You Still Believe in Me" inaanza na kitu kinacholia kama kinanda cha watoto. Ni piano kweli, ila nyuzi zake zinachunwa ndani kwa pini ya nywele. Mwisho wa wimbo huo huo kuna kengele na honi ya baiskeli, kwa sababu mwanzoni wimbo ulikuwa unahusu utoto. Maneno yakabadilishwa, baiskeli ikabaki. Ukisikia ile honi inalia katikati ya uzuri wote ule unacheka, halafu unajikuta umenyamaza.

"Caroline, No" inafunguliwa na pigo moja zito lenye mwangwi. Hal Blaine alikuwa akipiga dumu tupu la maji ya kunywa, lile kubwa la ofisini. "God Only Knows" ina njuga, ina pembe ya Kifaransa inayoufungua wimbo, na ina chupa za plastiki za maji ya machungwa zinazogongwa. "I Know There's an Answer" ina kinanda cha mdomo cha besi kinachokoroma kama chura mkubwa, na banjo ya Glen Campbell. Wimbo huo ulianza na jina na maneno mengine, Mike Love akapinga yanapokwenda, yakabadilishwa. "I Just Wasn't Made for These Times" ina chombo cha umeme kinacholia kama mtu anayepiga mluzi kutoka dunia nyingine; mpigaji wake alikuwa Paul Tanner.

Halafu "Don't Talk" haina lolote kati ya hayo, wala waitikiaji. Anaimba Brian peke yake, juu ya zeze za okestra na ala chache za taratibu. Zima taa.

Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Nitaambulia kitu?

Utaambulia zaidi ya anayefuata maneno. Ukiwa umewahi kuimba kwaya unajua kazi ya kutenga sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Fanya hivyo hivyo hapa. Sikiliza "God Only Knows" mara ya kwanza ukimfuata Carl, aliyekuwa na miaka 19. Mara ya pili mwache Carl, fuata besi. Mara ya tatu subiri mwisho, pale sauti zinapoanza kufukuzana, moja ikianza kabla nyingine haijamaliza, zinazunguka hadi wimbo unafifia. Mimi ningelipa nauli kuisikia kwaya yetu ya parokia ikijaribu mwisho huo, ingawa najua mwalimu wa sauti ya tatu angejiuzulu.

Ile sanduku ya 1997 ina nyimbo zikiwa sauti tupu bila ala. Anayefundisha kwaya aanzie hapo.

Mbona "Sloop John B" haifanani na nyingine?

Kwa sababu ni mgeni. Ni wimbo wa kienyeji wa Bahamas, wa mabaharia walioshindwa safari. Al Jardine ndiye aliyemshawishi Brian aujaribu, na ulianza kurekodiwa mwaka 1965 kabla albamu haijapata sura. Ulitoka kama single, yaani santuri ya wimbo unaouzwa peke yake, ukafika nafasi ya 3 Marekani. Wako wanaouruka kila mara. Mimi siuruki kwa ajili ya zile sekunde ambazo muziki wote unakatwa, zinabaki sauti za watu tu.

Ni kweli The Beatles walishtuka?

Brian mwenyewe alikuwa ameshtushwa kwanza na albamu yao Rubber Soul, iliyotoka Desemba 1965. Mei 1966 Bruce Johnston alikwenda London na santuri ya Pet Sounds, John Lennon na Paul McCartney wakaisikiliza. McCartney amesema mara nyingi kwamba "God Only Knows" ni miongoni mwa nyimbo anazozipenda kuliko zote, na hakuficha kwamba albamu hii ilikuwa kichwani mwake walipotengeneza Sgt. Pepper ya 1967.

Kama ni nzuri hivyo, kwa nini haikuuza?

Uingereza iliuza, ikafika nafasi ya 2. Marekani iliishia ya 10, ambayo si aibu ila ilikuwa chini ya walivyozoea. Mashabiki walitaka mawimbi, wakapewa huzuni. Na Capitol hawakusubiri: Julai 1966 wakatoa mkusanyo wa nyimbo za zamani za kundi hilo hilo, dukani ukakaa kando ya albamu mpya na kuinyang'anya wateja. Marekani albamu ilitambuliwa rasmi kwa kiwango cha dhahabu mwaka 2000. Brian aliishi kuyaona hayo, akazunguka akiipiga albamu nzima jukwaani. Alifariki 11 Juni 2025.

Jalada la mbuzi lina maana gani?

Walikwenda bustani ya wanyama ya San Diego, wakapigwa picha wakiwalisha mbuzi. Sidhani kama kuna zaidi. Ni moja ya albamu nzuri kuliko zote duniani na moja ya majalada ya ovyo kuliko yote, vyote kwa bei moja.

Kwa nini wimbo wa mwisho unaisha na treni na mbwa? Ndiyo albamu imeisha au imekatika?

Imeisha. Kwanza ujue kwamba "Caroline, No" iliongezwa kasi kidogo ili sauti ya Brian isikike changa zaidi. Lilikuwa wazo la baba yake, Murry. Sanduku ya 1997 ina toleo la kasi ya awali, na ukilisikia unakutana na Brian mzito kidogo, mtu mzima zaidi. Sauti ya treni ilitolewa kwenye santuri ya milio ya treni. Mbwa walikuwa wa Brian mwenyewe, Banana na Louie, aliwaleta studio wakabweka mbele ya maikrofoni.

Kwenye mono treni hiyo haitoki kulia kwenda kushoto kama kwenye filamu. Inatokea mbali, inajaa, inapungua, na mbwa wanaendelea kuibwekea hata ikiwa imeshapita.